Damu ya Kuku Ina Kelele

Habari ya ubao wa ile boti naijua mimi kuliko watu wote wa Baraka, neno kwa neno, nani alikohoa na nani alisonya. Isipokuwa sehemu ya mashine. Hiyo Docta Ketsia alinieleza, nikaitika "ndiyo, ndiyo" kama mbuzi anayesifiwa njiani kwenda sokoni; akanieleza tena, nikaitika kwa sauti zaidi. Basi mkifika hapo mkaona imenyooka, jueni ni maneno yake. Mkiona imepinda, ni kichwa changu. Tumfuate Mama Dorothée, ambaye hakuwahi kuitikia kitu asichokielewa, na ndiyo sababu watu walivuka barabara wakimwona anakuja.

Dorothée Asende alikuwa OPJ, mpelelezi wa polisi ya Baraka, mwenye ruhusa ya kumweka mtu kasho, yaani mahabusu, na ruhusa ya kumtoa. Asubuhi hiyo alikuta mlango wa bureau yake umezibwa na Mama Chérie, aliyekaa kwenye ngazi na sufuria ya sombe mapajani. Mwanawe Wilfried, fundi wa motere, injini za boti, alikuwa ndani kasho, na mchana ingekuja jeep ya kumpeleka Uvira, mbele ya parquet, waendesha mashtaka, kwa neno la kuua. Mtu akipandishwa jeep hiyo kwa neno la namna hiyo, majirani huanza kuuliza nguo zake zitabaki na nani.

"Mama OPJ," alisema Mama Chérie bila kuinuka, "nifundishe. Muuaji gani anajificha chini ya kitanda, miguu iko inje?"

"Muuaji murefu," akajibu Dorothée. "Sogeza sufuria, mama yangu, nisije nikaingia kazini na majani ya muhogo kwenye kiatu."

Alijibu kwa mzaha, lakini swali hilohilo alikuwa amelala nalo. Mahmudu Sadiki, mfanyabiashara wa samaki, alikuwa ameokotwa kwenye matete upande wa Lweba, kisogo kimepasuliwa kwa kitu kizito. Mahmudu na Diacre Patrice walishirikiana boti moja: mbao zilikuwa za Patrice, motere ilikuwa ya Mahmudu. Siku chache kabla ya kufa, Mahmudu alitangaza kwamba anafungua motere yake aipeleke Kazimia, kwenye boti ya mpwa wake. Na boti bila motere, kwa safari za ziwa hili, ni karai la kufulia nguo.

Neno hilo liliwauma watu wawili. Patrice angebaki na karai. Wilfried, aliyekuwa akiitunza motere ile kama mtoto wa kwanza, angebaki bila kazi. Patrice alinyamaza, maana alikuwa diacre, shemasi wa kanisa. Wilfried hakunyamaza: alimtukana Mahmudu pale ndakala, dagaa wa ziwa, zinapoanikwa, mbele ya bamama wote, matusi ambayo wengine walirudia nyumbani ili wayakumbuke. Maiti ilipookotwa, Wilfried hakuonekana. Alipatikana Lweba kwa mwanamke aitwaye Divine, chini ya kitanda, miguu nje kama mama yake alivyosema. Alidai kwamba hakuwakimbia polisi, alikuwa anamkimbia mke wake. Hakuna aliyemsadiki isipokuwa Dorothée, aliyewahi kumwona huyo mke.

Kulikuwa na damu. Kwenye boti, nyuma karibu na mahali motere inapofungwa, ubao wa chini ulikuwa na doa jeusi pana kama sinia. Patrice hakulificha. Alisema ni damu ya jogoo wa kuibariki boti, jambo walilofanya baba zake kabla ya safari. Mchungaji halipendi, lakini mchungaji haendi ziwani. Jogoo huyo walimla yeye na Mahmudu mchana, kisha yeye Patrice akaenda kwenye mazoezi ya kwaya na kuimba hadi jioni, na kwaya nzima ilikuwa shahidi. Alipogeuka njiani alimwona Wilfried akija ufukweni kwa hasira. Dorothée aliupeleka ubao kwenye maabara. Jibu likarudi neno moja: kuku.

Kwa neno hilo Patrice alitoka safi, Wilfried akabaki peke yake, na mkubwa wa Dorothée, kule juu Fizi, akatia sahihi karatasi ya jeep.

Dorothée hakuwa amekaa bado simu ilipolia. Alikuwa Docta Ketsia wa maabara, na alisema kidogo tu: Mama OPJ aje, na aje na Brigadier Swedi, aliyeubeba ubao.

*

Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya hospitali, paa limejaa paneli za jua, ndani kuna baridi ya mashine. Vifaa vililetwa kwa ajili ya magonjwa ya kuambukiza, kusoma kijidudu gani kimeingia na kimetoka wapi. Ketsia, mtu wa Bukavu aliyesomea kazi hiyo miaka mingi na asiyeona haya kulisema, alikuwa amegundua kwamba mashine inayosoma kijidudu haichagui. Ukiipa mbuzi itasoma mbuzi.

Aliwavalisha barakoa kabla hawajasalimia. Kisha akamwambia kila mmoja afungue mdomo, akapangusa shavu kwa ndani kwa kijiti cha pamba. Swedi aliuliza kosa lake ni nini. Ketsia akamwambia kwamba aliubeba ubao kichwani kutoka ufukweni, kwenye jua, na ingawa ulifungwa kwenye plastiki, jasho la brigadier halina mpaka. Akikutwa mtu ndani ya damu ile, lazima wajue kwanza si yeye.

"Na mi?" akauliza Dorothée. "Mi sikuubeba."

"We ulisimama juu yake ukiongea, Mama OPJ. Kuongea kwako ni mvua."

Swedi alicheka ndani ya barakoa, halafu akakumbuka cheo chake.

Ketsia alieleza kwa nini aliwaita. Jibu la kwanza lilikuwa kweli, alisema, ila kweli ya mtu aliyepita nje ya kanisa akasema humo ndani kulikuwa na ngoma tu, kwa sababu ngoma ndiyo aliyoisikia. Damu ya kuku na damu ya mtu hazifanani. Chembe nyekundu ya kuku, kila moja, ina kiini ndani yake, na ndani ya kiini mna ADN, yale maandishi ya mwili. Chembe nyekundu ya mtu ni mfuko mtupu. ADN ya mtu iko kwenye chembe nyeupe, nazo ni chache kama watu wanaorudisha mwavuli.

"Kwa hiyo tone moja la kuku linapiga kelele kushinda kikombe cha mutu," alisema. "Mi nilikwangua juu ya doa, nikasikia kuku. Voilà. Sikusema kwamba mutu hayuko. Mulisema ninyi."

"Tulisema sisi," Dorothée akakubali. "Sasa huyu mutu anayenong'ona, yuko ao hayuko?"

"Sijui. Kabla ya jeep utajua."

Aliwaonyesha kitu alichokuwa akikijivunia. Kilikuwa kipande cha kioo kisichozidi kidole gumba cha mwanaume, na ndani yake, ukikiinamisha kwenye mwanga, ulionekana mchoro kama mishipa ya jani. Ndiyo chipu. Njia zake zilikuwa nyembamba kuliko unywele. Sehemu ya kwanza ilikuwa imesimikwa vinguzo, mstari kwa mstari, na mistari imekaa mshazari kidogo, kama muhogo uliopandwa na mlevi.

Damu ikikauka, Ketsia alisema, mifuko hupasuka lakini viini vingi hubaki. Ukivilowanisha polepole huachana na ubao. Kiini cha kuku ni kidogo kama mtama, cha mtu ni kikubwa kama punje ya hindi. Vyote vinaingizwa kwa mlango mmoja, vikisukumwa na maji. Vidogo vinapenya kati ya vinguzo na kwenda mbele. Vikubwa vikigonga kinguzo vinasogezwa pembeni kidogo, vikigonga kingine vinasogezwa tena, mpaka vinatokea kwenye mlango wa pili.

Dorothée aliuliza kwa nini asitumie chujio. Ketsia akasema chujio huziba, na kinachoziba kinaharibu vyote viwili. Hapa hakuna anayekatazwa kupita.

"Kama harusi," alisema Dorothée. "Wote banaingia mulango moja, halafu wenye tumbo kubwa banajikuta upande wa jikoni."

Ketsia alisema kwamba kuku wachache watapotea njia wafuate watu, lakini wachache hawatatosha kuzima sauti. Tatizo la pili lilikuwa uchafu. Ubao wa boti umelewa lami, umelewa oil ya motere, umelewa mawese yaliyomwagika kwenye madumu. Vitu hivyo vikiingia kwenye mashine ya kusomea, mashine inakuwa bubu. Kwa hiyo mlango wa pili wa chipu ulielekea kwenye kijumba kilichojaa mchanga wa kioo. Viini vinapasuliwa, na ADN, ikiwa ndani ya maji ya chumvi kali, inaushika ule mchanga kama kupe anavyoshika sikio la ng'ombe. Unaosha lami, unaosha oil, unaosha kwa alkoholi, yenyewe haiachii. Mwisho unaleta maji matupu, bila chumvi, na hapo inaachia yenyewe, safi.

"Haya," alisema Dorothée. "Kazi."

Swali lilikuwa wakwangue wapi. Chipu zilibaki mbili tu, nyingine zingetoka Bukavu, na Bukavu haikuwa safari ya asubuhi moja. Ketsia aligeuza ubao kwenye mwanga. Juu ya doa walikuwa wamekwishapata kuku. Akaweka ncha ya kisu kidogo pembeni, akainua ganda la juu kama mtu anayemenya kiazi, na kuliweka kando. Chini yake mti ulikuwa na mistari ya asili, na ndani ya mistari weusi ulikuwa umezama.

"Ubao mukavu unakunywa mara moja," alisema. "Kilichomwagika kwanza kiko huku chini. Kilichokuja nyuma kilikuta ubao umeshiba."

"Chukua huku chini."

Alichukua nyuzi za mti, akazilowanisha, akasubiri, akavuta maji kwa sindano, akayaingiza kwenye chipu. Kwenye skrini ya kompyuta vinguzo vilionekana vikubwa kama miti ya mtaani, na vitone vikaanza kupita. Swedi alisogeza uso karibu na skrini. Kisha kitu cha mviringo, kinachong'aa, kikaja na kukaa katikati ya njia, na vitone vyote vikasimama nyuma yake kama pikipiki kwenye kizuizi.

Ketsia alisema neno la Kifaransa ambalo halifundishwi shuleni. Kilikuwa kipovu, tone la hewa. Alikigonga kwa ukucha, akapunguza msukumo, akaongeza. Kipovu hakikuwa na haraka. Vitone vilianza kukauka penye vinguzo. Alichomoa chipu ile na kuitupa.

"Imebaki moja," alisema Swedi, kana kwamba wenzake hawajui kuhesabu.

Dorothée alivuta kiti, akakaa, akakunja mikono. Alikuwa amewahi kumsubiri mwizi wa mbuzi kwenye shamba la mihogo mchana kutwa, na kioo hiki angalau kilikuwa chumbani penye baridi.

Mara hii Ketsia aliyapasha maji yake moto kwanza yatoe hewa yaliyoificha, akayaacha yapoe, akaijaza chipu polepole kutoka chini kwenda juu, akiinamisha kama mtu anayemimina pombe bila povu. Ndipo akaingiza sehemu ya pili ya nyuzi. Vitone vikapita. Vilivyo vidogo vikaenda mbele, vingi. Kisha kimoja kikubwa kikagonga kinguzo, kikasogea, kikagonga, kikasogea. Kikafuata kingine. Havikuwa vingi, ila vilikuwa vinakuja, na vyote vilitoka mlango uleule.

"Hawa batu ni wapole," alisema Dorothée. "Banafuata mustari."

Kilichobaki kilikuwa kuosha na kungoja. Mashine ya kusomea, ndogo kama simu ya kizamani, ilichomekwa kwenye kompyuta, na maandishi yakaanza kushuka. Ketsia alisoma bila kugeuza kichwa. Kulikuwa na kuku, kidogo. Na kulikuwa na mtu.

Swedi alijishika shavu. Ketsia aliita majibu ya vile vijiti vya pamba, vilivyosomwa wakati wakisubiri, akayapanga kando. Si Swedi. Si Dorothée. Kisha akaleta kile alichokichukua mwenyewe kwenye mwili wa Mahmudu, kwa idhini ya dada wa marehemu, kabla jamaa hawajamchukua kwenda kumzika. Mistari ikakaa juu ya mistari.

"Mahmudu," alisema. "Chini Mahmudu, juu kuku. Ubao ulimunywa yeye kwanza."

Swedi alisimama hapohapo akatafuta pingu. Dorothée akamwambia akae. Alitaka kujua Diacre atajibu nini, na akajijibu mwenyewe: atasema Mahmudu aligonga kidole cha mguu wiki iliyotangulia, au alitoka damu ya pua, na nani atampinga? Boti ilikuwa ya Mahmudu pia. Mtu ana haki ya kumwaga damu kwenye boti yake. Mashine ilikuwa imesema nani na imesema nani kwanza. Haikusema kwa mkono wa nani.

"Hiyo ni kazi yangu," alisema, akavua barakoa. "Mupigie Diacre. Mwambie matokeo iko, aje amalizie PV ya maelezo yake kabla ya jeep kwenda. Ongea naye muzuri."

*

Diacre Patrice alikuja amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali. Alipita karibu na Mama Chérie pale kwenye ngazi, akamwambia Mungu atamtia nguvu. Mama Chérie alifunika sufuria yake.

Ndani, Dorothée alimpa kiti kizuri, kile kisichoyumba. Swedi alikaa mezani na karatasi za PV. Nje, jeep ilikuwa imekwishafika, na dereva alikuwa anazunguka akipiga matairi kwa mguu, kama madereva wote wanavyofanya wakitaka ionekane wana haraka.

"Nimesikia mashine imesema," alisema Patrice.

"Imesema. Kuku."

"Bwana asifiwe."

Dorothée alimweleza kwamba parquet ya Uvira ni watu wagumu, hawapendi PV yenye mashimo, kwa hiyo amsimulie tena siku ile yote, taratibu, Swedi aandike, ili Wilfried asipate pa kuponyokea. Patrice alifurahi kusaidia. Alisimulia vizuri, mtu aliyezoea kusoma matangazo kanisani. Alileta jogoo mweupe kutoka nyumbani kwake. Mahmudu alikuwa amekaa nyuma kwenye motere yake, akicheka, hasira zimeisha. Ilionekana hata wazo la Kazimia lingeweza kumtoka. Dorothée aliuliza kama jogoo alikuwa na nguvu. Sana, alisema Patrice, na akanyanyua mikono yake miwili kuonyesha.

"Mi mwenyewe nilimukamata, mi mwenyewe nilimukata shingo, pale kwenye ubao. Kisu cha nyumbani kwangu. Damu ikaruka mpaka kwenye shati."

Kalamu ya Swedi ilisita. Swedi alikuwa mtoto wa familia ya Kiislamu ya pale pale ufukweni. Alifungua mdomo, na chini ya meza kiatu cha Dorothée kikaukanyaga mguu wake, kikabaki hapo. Swedi akafunga mdomo akaandika.

Patrice aliendelea. Walimchoma jogoo mchangani kwa pilipili na ndimu. Mahmudu alikula paja, akalamba vidole, akachukua la pili. Ndipo yeye Patrice akaenda kwaya, na kule nyuma akamwona Wilfried akija.

"Alikula paja," alisema Dorothée.

"Yote mawili. Mi nilikula mgongo, kwa upendo."

"Na alikuwa muzima kabisa."

"Muzima kama mi na we, Mama OPJ."

Dorothée aliondoa kiatu chake. Akasema kwamba limebaki neno dogo tu, ambalo watu wa Uvira wasingelikosa. Mashine imekuta kuku, ndiyo. Lakini Docta aliinua ganda la juu, na kwenye mistari ya ubao amekuta mtu. Ni damu ya Mahmudu.

Patrice hakushtuka. Alikuwa na kichwa chepesi, na jibu lilimfikia kabla swali halijakaa.

"Ah, kidole," alisema, akatabasamu. "Nilisahau. Alijikata kidole. Kuku alipapatika, kisu kikateleza."

"Kikateleza mukononi mwa nani?"

"Mwa Mahmudu."

"Kisu alikuwa nacho yeye?"

"Nani mwingine basi?" Patrice alimgeukia Swedi, akitafuta shahidi. "Afande, mwambie Mama. Mahmudu ni Muislamu. Ningechinja mi, angekula? Hata muchuzi asingeugusa. Hapa kwetu kila mutu anajua, kama Muislamu yuko, kisu ni…"

Sentensi ilibaki hapo bila mwenyewe.

Alikuwa amesema kweli tupu. Kwenye kila ndoa na kila matanga ya Baraka, mwenyeji awe Mkatoliki awe Mprotestanti, kisu hupewa jirani Mwislamu, ili chungu kiwe kimoja na wote wale. Mtoto anayetambaa anajua hilo. Diacre naye alilijua maisha yake yote, isipokuwa muda mfupi uliopita, alipokuwa akinyanyua mikono kuonyesha nguvu za jogoo.

"Swedi, tusomee," alisema Dorothée.

Swedi alisoma kwa sauti ya karani, bila kupandisha wala kushusha: "Mi mwenyewe nilimukamata, mi mwenyewe nilimukata shingo."

Nje honi ya jeep ililia. Dorothée alifungua dirisha, akamwambia dereva angoje kidogo, abiria yupo, ila si yule aliyeandikwa. Kule kwenye ngazi mfuniko wa sufuria ulianguka ukabingirika. Akafunga dirisha na kurudi kukaa.

"Kaka Patrice," alisema, na ndiyo mara ya kwanza siku hiyo kumwacha bila cheo, "umesema kweli mara mbili, shida yako ni hiyo. Ni kweli ulichinja we. Na ni kweli kwamba Mahmudu akiwa hai, kisu kingekuwa mukononi mwake. Ulichinja we kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuchinja. Alikuwa amekwisha kulala kwenye ubao ule, nawe ukatafuta damu ingine ya kufunika yake."

Patrice aliangalia mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya meza, akauondoa, akauweka mapajani.

"Nilikosea kusema," alisema polepole. "Ulimi uliteleza. Afande, futa ile ya kwanza. Andika kwamba ni yeye alichinja."

Swedi aliinua kalamu, akamtazama mkubwa wake.

"Mama, niandike ipi?"

"Zote mbili," alisema Dorothée. "Na Diacre atie sahihi chini ya kila moja."